Wa Nne Ndiye Timu

Mvua zikishaacha Songea, mwezi Mei, baridi huingia bila hodi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ukungu umeufunika mji kutoka Ruhuwiko hadi Mjimwema, na waendesha bodaboda wachache waliokwisha kuamka wamefunga makoti ya mtumba hadi kidevuni, mikono kwapani, wakisubiri abiria wa kwanza. Upande wa mashariki milima ya Matogoro haionekani. Mgeni anajua ameifikia pale tu njia inapoanza kupanda na pumzi kukatika.

Huko ndiko inakojinoa timu ya mbio za nyika ya chuo kimoja cha ualimu. Mwalimu wa michezo alinikubalia kuwafuata kwa sharti moja: jina la chuo nisiliandike mpaka watakaposhinda kitu. "Sitaki tuandikwe kabla hatujafanya la kuandikwa," alisema, kisha akapuliza filimbi. Vijana ishirini na kitu, wa kike na wa kiume, wakatoka gizani wakijikunyata. Wengine walikuwa na masweta, na mmoja alijitanda shuka la Kimasai mabegani kana kwamba anakwenda kuchunga.

Msimu ndio kwanza unaanza. Mbele yao iko michezo ya vyuo vya ualimu, UMISAVUTA, na kabla ya hapo iko kazi ndefu ya kuchuja timu. Baadhi yao hawajakimbia tangu muhula uliopita. Wengine walikuwa shuleni kwenye mafunzo kwa vitendo, ambako walikula vizuri kuliko walivyokimbia. Mwalimu aliwapitisha macho mmoja mmoja, akasimama kidogo mbele ya tumbo la kijana fulani, hakusema neno, akaendelea.

Walianza kwa mchakamchaka. Kila aliyepita shule ya msingi nchini anaujua: mistari miwili, kiongozi anatoa, wengine wanapokea, vumbi linatimka. Hapa wimbo ndio kipimo. Katika wiki za mwanzo hakuna saa ya kuhesabu muda wala umbali unaotajwa. Sheria ni moja, wimbo usikatike. Ukishindwa kupokea, ujue umeuzidi mwili wako wa leo, punguza. Kiongozi naye akianza kumeza maneno, kundi zima linapunguza pamoja naye.

Nilimuuliza mwalimu kwa nini asiwape kasi mapema, maana siku zenyewe si nyingi. Alinyanyua mguu, akagonga muundi kwa kidole. "Mapafu yanajifunza upesi, kaka. Wiki chache tu kijana anajiona simba. Mfupa na kano havina haraka hiyo. Nikimwachia akimbie anavyojisikia, mwezi wa pili ananiletea muundi unaouma, na mimi hapa sina daktari. Nina kopo la mafuta ya kuchua."

Maneno yake yana elimu ndani yake. Mbio za taratibu za muda mrefu ndizo zinazoupa moyo nguvu ya kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, zikazidisha vishipa vidogo ndani ya misuli, na kuuzoesha mwili kuchoma mafuta yake badala ya kumaliza sukari yote njiani. Kasi hujengwa juu ya hapo. Anayeanza na kasi hukimbia vizuri mwezi mmoja, akakaa benchi miezi mitatu.

Njia yao inaacha nyumba za mwisho na kuingia kwenye udongo mwekundu. Mwanzoni inapita katikati ya mashamba ya mahindi. Kwa wakati huu mahindi yamekaukia shambani yakisubiri kuvunwa, na majani yake yanakwaruza mikono ya wanaokimbia pembeni. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa zao hilo, kwa hiyo mashamba hayaishi haraka. Kisha kinakuja kijito chenye gogo la kuvukia. Gogo limeota ukungu wa kijani na linateleza, wote wanashuka majini, na baridi inapanda kutoka kifundoni hadi kwenye meno. Ng'ambo inaanza miombo. Njia inakuwa ya mtu mmoja mmoja, mizizi imejitokeza, na wimbo unakatika wenyewe kwa kuwa kila mtu anaangalia anapokanyaga.

Akina mama wenye mizigo ya kuni kichwani walisimama kando kuwapisha. "Shikamoo mama! Shikamoo!" kundi lilipita likisema, na mama mmoja akaitikia marahaba moja kwa wote, halafu akaongeza, "Kwani mnafukuzwa na nani?" Aliyekuwa wa mwisho ndiye aliyepata nafasi ya kumjibu: "Na mwalimu, mama!"

Matogoro si milima mirefu ya kutisha, lakini ina heshima yake. Humo ndimo Mto Ruvuma unamoanzia, kabla ya kwenda kuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji na kuishia Bahari ya Hindi. Mji wa Songea nao unategemea vyanzo vya huko kwa maji yake ya bomba, ndiyo maana msitu unalindwa. Timu haikati njia mpya. Inatumia zilizopo, na mojawapo ni kipande cha mlima, mita mia tatu hivi, ambacho wanafunzi wamekipa jina la Mahakama. Wanasema haina rufaa.

Mara mbili kwa wiki wanapanda Mahakama, wanashuka wakitembea, wanapanda tena. Hapo ndipo nilipomwona kwa karibu dada mmoja wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Mbamba Bay. Alikulia ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye mchanga na mitumbwi, na mlima ameukuta ukubwani. Mzunguko wa kwanza alipanda vizuri. Wa tatu mikono ilianza kupishana mbele ya kifua, mabega yakapanda hadi masikioni, kichwa kikaanza kuyumba. Kuanzia wa nne sikusikia nyayo zake tena, nilisikia pumzi.

"Mikono, dada, mikono! Mbele na nyuma! Unapanda mlima, hupigi ngoma!"

Alishusha mabega, akafupisha hatua, macho akayatupa hatua chache mbele badala ya kutazama kileleni. Mlima ukilegea kidogo tu mwili wote hutaka kulegea nao, na mwalimu analijua hilo. Kwake kilele si mwisho. Amechora mstari kwa kisigino hatua kumi kupita pale ardhi inapokuwa tambarare, na anayeacha kukimbia kabla ya mstari anarudia. "Kileleni ndipo watu wanapojihurumia," aliniambia. "Mpinzani anajipongeza kwamba amefika. Wewe unapita." Dada wa Nyasa aliuvuka mstari, akajikunja mikono magotini, akatema mate, akageuka kuanza kushuka. Sikumsikia akilalamika. Nilimsikia akihesabu.

Nyuma yake alikuja kijana kutoka Tunduru, mrefu, mwenye hatua nzito, ambaye kila zoezi anamaliza katikati. Raba zake ni za mtumba na zimeachia soli mara kadhaa. Fundi viatu wa sokoni amezishona kwa uzi wa nailoni, mshono mnene unaozunguka kiatu chote, na kwenye kidole kikubwa amebandika kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Kijana anazivua kijitoni ili zisilowe, anavuka pekupeku, anazivaa tena ng'ambo. Hapo anapoteza nusu dakika, na wenzake hawamsubiri. Huyo ndiye, kwa mujibu wa daftari la mwalimu, mkimbiaji wa nne wa timu ya wanaume.

Kwa nini nimtaje wa nne wakati timu ina wa kwanza, kijana mwepesi wa mwaka wa tatu anayepaa kana kwamba hakuna mlima? Kwa sababu mbio za nyika haziwahesabu watu jinsi watazamaji wanavyowahesabu. Kila mkimbiaji anapewa pointi kulingana na nafasi aliyomaliza: wa kwanza moja, wa ishirini ishirini. Nafasi za wanne wa kwanza wa kila timu zinajumlishwa, na timu yenye jumla ndogo inashinda. Ndivyo inavyofanyika hata kwenye mashindano ya dunia, ambako nchi inaingiza hadi wakimbiaji sita na wanne wanahesabiwa. Vyuo vya Marekani vinakimbiza saba na kuhesabu watano. Hesabu ni ile ile. Timu yenye wa kwanza, wa pili, wa kumi na tano na wa ishirini ina pointi 38. Timu ambayo haikutoa mtu hata mmoja kati ya watano wa mwanzo, lakini imeleta wa sita, wa saba, wa nane na wa tisa, ina pointi 30, na kombe ni lake.

Watanzania hatukuzoea kuhesabu hivyo. Tumezoea mtu mmoja. Tunamkumbuka Filbert Bayi akivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mlio wa bastola. Tunamkumbuka John Stephen Akhwari akiingia uwanjani Mexico 1968 na mguu uliofungwa bandeji. Na bado tunashangilia Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alipochukua ubingwa wa dunia wa marathoni kwa kumzidi Mjerumani Amanal Petros sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Karatu, Mbulu, Singida: hizo ndizo nyumba za mbio ndefu katika fikra zetu. Songea haimo.

Vijana wa chuo wanalijua hilo, na asubuhi moja wakinywa chai kwa mama muuza maandazi nje ya geti walilizungumza. Mmoja alisema watu wa kaskazini wana mwinuko, huku sisi tuko chini. Ni kweli kwamba Songea, yenye mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, haikaribii Iten ya Wakenya iliyo kwenye mita 2,400 hivi. Mwalimu aliweka kikombe chini, akawauliza kama wanamjua Suleiman Nyambui. Wawili walinyoosha mikono.

Nyambui hakutoka nyanda za juu za kaskazini. Alitoka Majita, kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mara. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha ya mita 5000 kwenye Olimpiki ya Moscow, nyuma ya Mhabeshi Miruts Yifter. Mwaka huo huo, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, alikuwa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani, na chuo chake kikabeba pia ubingwa wa timu. Chuo hicho kilishika taji la timu mfululizo kuanzia 1978 hadi 1981, kikiwa na vijana kutoka pembe mbalimbali za Afrika. Mtanzania mwingine, Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola wa 1978, naye alipita hapo. "Sasa El Paso," mwalimu alisema, "iko juu kiasi gani? Iko kama hapa mnapokunywa chai." Alikuwa sahihi: mwinuko wa mji ule nao ni mita 1,100 na kidogo. "Kwa hiyo msinililie mwinuko. Nililieni wa nne."

Kuna wanaotafuta jibu kwenye damu. Siku ya mashindano ya kirafiki tulipita na basi dogo la kukodi jirani na Makumbusho ya Majimaji, eneo la Mahenge, na mzee mmoja aliyeomba lifti alituambia kwamba watoto wa Songea hawahitaji kufundishwa kukimbia, kwani Wangoni walitembea kutoka kusini mwa Afrika mpaka hapa kwa miguu yao. Safari hiyo ni ya kweli. Wafuasi wa Zwangendaba waliuvuka Mto Zambezi mwaka 1835, na katika miaka iliyofuata walifika hadi nchi hii na kusimika dola zao. Na mji huu unabeba jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji. Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika kwenye makumbusho hayo kuwakumbuka mashujaa walionyongwa, na makaburi yao yako hapo hapo.

Mwalimu alimsikiliza mzee kwa adabu hadi aliposhuka. Halafu akageuka nyuma. "Humu ndani Mngoni ni nani?" Mikono mitano. Waliobaki walikuwa Wamatengo kutoka Mbinga, Wayao, Wandendeule, Wanyasa na Msukuma mmoja ambaye hajui alifikaje Songea zaidi ya kwamba alipangiwa. "Babu zetu walitembea kwa sababu ya vita na njaa," mwalimu alisema. "Nyinyi mnakimbia kwa sababu nimewaamsha."

Lipo simulizi lingine ambalo timu hii inalipenda, na linatoka mbali zaidi. Msukuma huyo ana simu janja yenye video ya watu wanaopita msituni juu ya theluji, mbao nyembamba miguuni na fimbo mkononi, wakihema kama wao walivyohema kwenye Mahakama. Huo nao ni mchezo wa nyika, nyika ya nchi za baridi, na vyuo vya huko vina timu zake. Jambo lililowashangaza vijana ni mazoezi ya mwanzo wa msimu. Theluji inapokuwa haijaanguka, wanariadha hao huteleza kwenye lami kwa mbao fupi zenye magurudumu, na sehemu kubwa ya muda uliobaki wanakimbia milimani wakiwa na fimbo. Ukiwaondolea fimbo, wako Matogoro.

Afrika Mashariki imewahi kuwa na mtu wake huko. Mkenya Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996, kwa udhamini wa kampuni ya Nike, alipelekwa Finland kujifunza kuteleza, akiwa hajawahi kuigusa theluji. Miaka miwili baadaye alisimama kwenye mstari wa Olimpiki ya Nagano, kilomita 10, Mkenya peke yake. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe. Dæhlie, aliyetakiwa kwenda kuvishwa medali, aligoma kuondoka, akamsubiri mstarini ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na akarudi kwenye Olimpiki za 2002 na 2006.

Vijana walicheka, wakapiga makofi, wengine wakataka kuona tena. Mwalimu ndiye aliyeitazama kwa jicho lingine. Boit alikuwa na kila kitu, alisema: nia, mdhamini, kocha, nchi ya kufanyia mazoezi. Hakuwa na kundi zima la kumfukuza kila alfajiri. Mtu akijifunza bila kundi anajipima na nani?

Mashindano yenyewe yalifanyika kwenye uwanja wa shule, Jumamosi, ukungu ukiwa umeondoka na jua likichoma. Hakukuwa na jukwaa wala spika. Njia ilichorwa kwa majivu kutoka golini, ikazunguka shamba la mihogo, ikashuka bondeni, ikapanda mteremko wa nyuma ya mabweni na kurudi uwanjani: kilomita mbili, mizunguko mitatu. Timu zilikuwa tatu, mojawapo ya vijana wa sekondari wanaojiandaa na UMISSETA. Wenyeji walitaka wasichana wakimbie mizunguko miwili. Mwalimu wetu alikataa kwa upole ambao haukuacha nafasi ya mjadala: tangu mashindano ya dunia ya Kampala mwaka 2017 wanawake wakubwa na wanaume wakubwa wanakimbia kilomita 10 sawasawa, na Songea haiwezi kuwa nyuma ya Kampala. Wasichana wakapewa mitatu.

Wao ndio walioanza. Mita mia mbili za kwanza zilikuwa vita ya viwiko, maana uwanja mpana ulibanwa ghafla kwenye upenyo wa ua wa michongoma. Wawili wa chuo pinzani walichomoka mapema na hawakuonekana tena hadi mwisho. Wasichana wetu watatu walikaa pamoja, wakazungumza kwa macho, wakawa wanaokota mmoja mmoja waliokuwa wameanza kwa moto. Dada wa Nyasa alikuwa nyuma yao. Kwenye mzunguko wa pili alishika ubavu wa kulia, uso umekunjamana: kichomi. Hakusimama. Alipunguza, akapuliza pumzi ndefu, akaubonyeza ubavu kwa ngumi kama hatua thelathini hivi, kisha mkono ukarudi mahali pake.

Mzunguko wa mwisho, kwenye mteremko wa nyuma ya mabweni, alikuwa wa nane. Mbele yake kidogo alikuwa msichana wa tatu wa chuo pinzani, mwenye hatua nzuri zaidi na viatu vizuri zaidi. Walipanda pamoja. Juu, ardhi ilipolala, mpinzani alishusha mikono, akavuta pumzi ya kushukuru. Ilikuwa kazi ya hatua kumi. Dada wa Nyasa alimpita kabla hajamaliza kuivuta, na yule alipozinduka, pengo lilikuwa limeshatosha kuingia mtu wa tatu.

Mwisho wa njia kulikuwa na mama mmoja mwalimu aliyegawa vijiti vyenye namba za wino mweusi, kila anayefika anapewa cha kwake. Mwalimu alikusanya vya timu yake, akakaa chini na daftari. Wa tatu, wa nne, wa sita, wa saba: 20. Wapinzani, waliokuwa na wa kwanza na wa pili, walipata wa nane na wa kumi: 21. Dada wa Nyasa alimpita mtu mmoja tu, na bila kumpita huyo hesabu ingegeuka, 20 ingekuwa ya wapinzani na 21 yao. Alipoelezwa, hakuelewa mara moja. Aliliomba daftari, akafanya hesabu mwenyewe kwa kidole, halafu akaketi kwenye nyasi akaanza kufungua kamba za viatu huku akicheka peke yake. Nilimkumbusha mwalimu kuhusu sharti la jina. "Hii ya kirafiki," alisema. "Haihesabiki."

Upande wa wanaume mambo yalikwenda kama daftari lilivyoogopa. Kijana mwepesi wa mwaka wa tatu aliongoza kuanzia upenyo wa michongoma hadi mwisho, akashinda kwa umbali ambao watu walianza kuushangilia kabla hajafika. Mwenzake alikuwa wa pili. Wa tatu wao alifika wa tisa. Kijana wa Tunduru alianza kwa kasi ambayo haikuwa yake, akivutwa na kelele za uwanjani, na mbio za sakafuni zikaishia ukingoni: mzunguko wa tatu alipitwa na watu kumi, mshono wa raba ya kushoto ukafumuka, akamaliza wa 19 soli ikipiga chini kila hatua. Moja, mbili, tisa, kumi na tisa: 31.

Vijana wa sekondari hawakuwa na mtu wa kutazamwa. Walikuwa na kundi. Wa tatu, wa nne, wa tano na wa nane, jumla 20. Nilizungumza na mwalimu wao kwa ufupi. Wengi wao wanatoka vijiji vya nje ya mji na wanakuja shule kwa miguu, pamoja, asubuhi na jioni, na aliye mwepesi hawezi kuwaacha wenzake kwa sababu ndiye mwenye zamu ya kubeba ndoo. Mazoezi yao rasmi ni machache kuliko ya chuo.

Chakula kililetwa kwenye beseni: magimbi ya kuchemsha, chai ya rangi yenye tangawizi, na mayai yaliyohesabiwa moja kwa kila mtu kutoka kwenye mchango wa timu yenyewe. Wasichana waliimba. Wavulana walikula. Bingwa alikaa na kijiti chake cha namba moja mfukoni, kimechomoza kidogo, na waliokuwa wakipita walimpa mkono.

Mwalimu aliwaita wavulana pembeni, chini ya mwembe. Hakumkemea mtu. Alisoma nafasi nne, akasoma jumla, akafunga daftari. Kisha akatangaza utaratibu wa wiki inayofuata: raba ya Tunduru itakwenda kwa fundi kwa pesa ya timu, na mazoezi ya milimani yatafanywa wawili wawili. Bingwa atakimbia na wa nne, hatua kwa hatua, hadi hapo atakapoambiwa vinginevyo.

"Lakini Mwalimu," bingwa alisema, sauti ya adabu, uso bila adabu, "si nitapoteza kasi yangu?"

"Umeshinda wewe, mwanangu. Timu imefungwa. Jumatatu utamgongea mlango mkatoke pamoja."

Bingwa alinyamaza. Alimtazama kijana wa Tunduru aliyekuwa ameshika kiatu kilichofumuka mkononi na yai nusu mdomoni, akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Wewe," alimuuliza mwishowe, "hivi unalala bweni lipi?"